Mgeni Hashiki Kisu cha Kwanza

Mimi si mwanachama wa chama cha madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto, na sitakuwa. Mimi ni muuguzi. Katika chama kile hata daktari haingii mpaka aongeze miaka ya kusoma juu ya ile miaka ambayo sisi wengine tulidhani ndiyo mwisho wa kusoma. Lakini ukinikuta nyumbani kwangu Lipangalala, nimeshakunywa chai na kutulia, ukaniuliza ni jambo gani nimelifanya la kujivunia, sitaanza na watoto wangu, wanisamehe. Nitaanza na siku niliyosimama mbele ya chama hicho nikakiri kosa langu, na mtoto mmoja wa kijiji cha Mchombe aliyenifikisha pale.

Nina mdomo, niseme mapema. Madaktari wapya wakija hospitali yetu hapa Ifakara huonywa kwanza kuhusu malaria, halafu kuhusu mimi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimeshaudhika. Sioni haya, kwa sababu wodi ya watoto isiyo na mtu wa kukaripia hugeuka soko kabla ya saa nne asubuhi. Tatizo la mdomo ni kwamba hauchagui anayestahili na asiyestahili, na ubaya huo niliujua nikiwa mtu mzima kabisa.

Mtoto aliletwa akiwa na siku mbili. Wa kiume, kifungua mimba wa mama kijana, mkulima wa mpunga, mwembamba, mkimya kiasi cha kukufanya usahau kwamba yumo chumbani. Tumbo la mtoto lilikuwa limejaa na kukaza, na alikuwa anatapika kijani. Karatasi ya zahanati ilisema hanyonyi vizuri. Daktari wetu akamfungua nepi, akamgeuza taratibu, akaangalia, kisha akanitazama mimi. Mtoto alikuwa amezaliwa bila njia ya haja kubwa. Pale panapopaswa kuwa na tundu palikuwa na ngozi tupu.

Daktari wetu huyo ni Msukuma mrefu, mpole, bingwa wa upasuaji lakini wa watu wazima: ngiri, mabusha, vidole tumbo, miguu iliyovunjwa na bodaboda. Mtoto wa siku mbili ni kazi nyingine kabisa. Akapiga simu ya chama.

Simu hii lazima niieleze, maana ndiyo kazi ya chama ninayoiheshimu kuliko zote. Wale mabingwa ni wachache, nchi ni kubwa, na watoto wenye matatizo ya kuzaliwa nayo hawachagui kuzaliwa karibu na bingwa. Kwa hiyo kila wiki mwanachama mmoja anashika simu ya zamu, na hospitali yoyote inaweza kumpigia. Mwenye zamu haruhusiwi kutamka neno "mleteni" kabla ya kuuliza maswali matatu: mtoto amewekwa penye joto? Mrija wa tumboni umeingia? Mama yake ameelezwa? Swali la tatu lilinishangaza siku ya kwanza. Nilikuwa nimezoea wakubwa wanaouliza kuhusu mtoto kana kwamba ameokotwa. Na kesho yake mwenye zamu lazima apige yeye, aulize imekuwaje, hata kama habari ni ya msiba.

Wiki ile simu ilikuwa kwa profesa mmoja mwanamke, mwenye sauti nzito ya mtu asiyeharakishwa. Alituuliza yale matatu. La tatu hatukuwa na jibu lake, akatungoja kwenye simu mpaka nikatoka nikamweleza mama. Kisha akamwongoza daktari wetu hatua kwa hatua, mimi nikiwa nimeishika simu karibu na sikio lake kwa glovu. Wakamtengenezea mtoto tundu la muda upande wa kushoto wa tumbo, chini kidogo ya kitovu, ili haja ipitie hapo. Tumbo likalegea mbele ya macho yetu. Mama alipoonyeshwa alilia, lakini alielewa: hii ni operesheni ya kwanza kati ya tatu. Ya pili ni ya kumtengenezea njia mahali pake. Ya tatu ni ya kulifunga tundu la tumboni. Hizo mbili, tukamwambia, ni za Dar es Salaam, kwa mabingwa wenyewe.

Akarudi Mchombe na mtoto wake. Miezi ikapita, msimu wa kupandikiza mpunga ukaingia, akaja kliniki kuonyesha tundu. Alipofungua mbeleko nikaona kitu kilichonipandisha hasira papo hapo. Kulizunguka lile tundu kulikuwa na kipete cha kitambaa cha kitenge kilichosokotwa, kama ngata anayoweka mwanamke kichwani akienda kuchota maji, ila ndogo, ya kutosha kiganja.

Nilimkaripia mbele ya kina mama wote waliokuwa kwenye benchi. Nilimuuliza ni nani amemfundisha kuweka tambara kwenye utumbo wa mtoto. Niliichukua ile ngata kwa ncha za vidole nikaitupa kwenye pipa jekundu, la taka chafu za hospitali. Nikampa gozi safi ya kufunikia kidonda, nikamwambia asimbebe tena mtoto mgongoni, maana mgongo ndio unaosugua tundu. Akasema, "Sawa, sista."

Sasa nisikilizeni. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye mpunga. Mama yangu alinibeba mgongoni akiwa ameinama kwenye majaruba, maji yakiwa magotini, kutwa nzima, na kabla yangu aliwabeba kaka zangu vivyo hivyo. Najua kwamba mama wa bonde hili akiambiwa asimbebe mtoto msimu wa kupandikiza ni sawa na kuambiwa asilime na asile. Nilijua, na sikukumbuka. Sare ilikuwa imenikaa sana mwilini.

Baada ya wiki tatu alirudi. Utumbo ulikuwa umechomoka kupitia tundu, urefu wa kidole, umevimba, mwekundu wa kuiva, unavuja damu. Alikuwa amenitii. Wiki ya kwanza alimlaza mtoto juu ya tuta chini ya mwavuli, akapandikiza huku anageuka kila mara kumwangalia, mpaka siku siafu walipompata. Hapo akamrudisha mgongoni. Ila bila ngata, kwa sababu sista alikuwa ameikataza.

Daktari alijaribu kuurudisha ndani, haukurudi kwa uvimbe. Akapiga simu. Zamu ilikuwa imezunguka hadi kwa yule yule profesa. Alisikiliza, akauliza yale matatu, halafu akauliza kama tuna sukari. Nikadhani anataka tupumzike tunywe chai kwanza, na nikaanza kumpangia jibu. Akasema tena, kwa upole, sukari ya kawaida, ya kutia kwenye chai. Kuuliza kama bonde letu la Kilombero, la miwa na mpunga, lina sukari ni kama kuuliza kama mtoni kuna maji. Nikatuma mtu kantini. Profesa akatuelekeza tuimwage juu ya ule utumbo, tuufunike, tungoje. Sukari huvuta maji. Tulikaa pale tukiangalia kimiminika kikitoka na uvimbe ukipungua, na baada ya saa moja daktari aliusukuma utumbo kwa kidole ukaingia kama haujawahi kutoka. Nimefanya kazi hii miaka mingi na siku ile nilikuwa na furaha ya mwanafunzi.

Ndipo profesa akauliza kwenye simu, tundu lilikuwa linakaa vizuri miezi yote hiyo, ni nini kilichobadilika?

Ningeweza kusema sijui. Daktari hakujua habari ya ngata. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mkono wake juu ya mtoto, na nilijua kwa hakika kwamba hatanisema. Huo ukimya wake ndio ulionishinda. Nikaeleza yote, mpaka pipa jekundu.

Kisha profesa akasema, "Sista, hilo utakuja kulisema kwenye mkutano wetu."

Nilienda nyumbani nikijua kazi sina. Nilipika ugali na perege nikashindwa kula, na Mndamba kama mimi, mtu wa mto na uvuvi, akishindwa kula samaki ujue mambo ni mazito. Kesho yake profesa alipiga, kama kanuni inavyotaka, akauliza habari za mtoto, halafu akacheka aliposikia nilivyoelewa. Akanieleza desturi yao. Mkutano wa mwaka wa chama hauanzi na hotuba ya mgeni rasmi. Unaanza na asubuhi ya makosa. Kila mwaka wachache wanasimama, kila mmoja anaeleza kosa alilofanya yeye mwenyewe, si la mwenzake. Hakuna anayeruhusiwa kumlaumu wala kumbembeleza. Swali moja tu linaruhusiwa: leo ungefanya nini tofauti? Alisema waanzilishi wa chama waliliweka hilo kwenye katiba kabla ya ada na kabla ya nembo, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na madaktari ni mabingwa wa kuficha.

Kabla ya mkutano, nilikwenda Mchombe siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta mama shambani, mtoto mgongoni. Nilimwomba radhi, jambo ambalo sina mazoezi nalo, na nadhani nililisema vibaya. Alinipeleka nyumbani akanionyesha. Alikuwa na ngata nne. Kila moja ni kipande cha kitenge kikuukuu, kimechemshwa, kimeanikwa juani, kimesokotwa na kufungwa kwa kingo zake zenyewe bila pini wala uzi. Tundu linakaa katikati ya pete, mgongo wa mama unaegemea kitambaa, na hakuna kinachosuguliwa. Anabadilisha kila mara. Kile nilichokiita tambara kilikuwa safi kuliko mashuka ya wodi yangu. Niliona aibu, nikamwambia kwamba naona aibu, nikamuuliza kwa nini hakunieleza siku ile.

"Ulikuwa umekasirika, sista," alisema. "Mtu akikasirika anaachwa kwanza."

Nilimwomba tuende wote mkutanoni. Hakuweza, kazi ya shamba haikumruhusu. Akanipa ngata moja kati ya zile nne.

Mkutano ulikuwa Dodoma. Ukumbi una kiyoyozi, wanaume wamevaa suti, wanawake wamesuka vizuri, na mimi na gauni langu la kanisani. Watu wawili walitangulia kukiri, wote madaktari wakubwa. Mmoja alieleza mtoto aliyempoteza kwa kukataa kuita msaada, na, kama kanuni ilivyotaka, hakuna aliyemwambia pole. Nilipoitwa, nilikwenda mbele. Nikaeleza. Niliinua ile ngata waione, ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja, ambaye nilikuja kuambiwa kwamba nusu ya waliokuwa ukumbini aliwafundisha yeye, alitoa leso yake akajaribu kusokota ya kwake. Ikafumuka. Akajaribu tena, ikafumuka. Akaniomba nimwonyeshe, nikamshika vidole vyake vile vilivyowapasua watoto wa nchi nzima, nikamfundisha kusokota ngata. Kama mama yangu angekuwa hai ningempigia simu palepale.

Mwenyekiti akaniuliza swali lao, leo ningefanya nini tofauti. Nikasema ningeuliza kwanza. Hapo ningepaswa kukaa. Lakini mdomo wangu haukujua kwamba zamu yake imekwisha. Nikawauliza na wao, je, nyinyi mngefanya nini tofauti? Nikawaambia kwamba bonde letu lina watoto wenye matundu, nimeandika jina la kila mmoja, na hakuna hata mmoja aliyefika kwenye operesheni ya pili. Si kwamba mama zao hawawapendi. Dar ni mbali kwa mtu ambaye mpunga wake unalindwa na yeye mwenyewe, juu ya dungu, dhidi ya ndege. Foleni ya Dar ikikuita mwezi wa mavuno, huendi, na usipokwenda jina lako linarudi mkiani. Nikasema, njooni Ifakara.

Walibishana, na sitasema waliopinga walikuwa wabaya. Walisema dawa ya usingizi kwa mtoto mdogo si mchezo, na kwamba operesheni ile ya pili ikikosewa mara ya kwanza hairekebishiki vizuri tena. Ni kweli. Profesa wangu alisimama mwisho. Alisema chama hakikuundwa ili kulinda visu visishikwe na wengine, kiliundwa ili watoto wapone. Wakapitisha mpango. Daktari wetu na mtaalamu wetu wa usingizi waende kukaa nao, wajifunze, warudi, waende tena. Watakapokuwa tayari, chama kitakuja Ifakara. Na wakaweka kanuni ambayo naijua kwa moyo: mgeni hashiki kisu cha kwanza. Chama kikija hospitalini kwa watu, anayepasua ni mwenyeji, bingwa anasimama upande wa pili wa kitanda.

Mwaka uliofuata mwongozo wao wa utunzaji wa tundu ulitoka na ukurasa wenye mchoro wa ngata. Katika rasimu walikuwa wameandika jina langu. Nilipiga simu nne kulitoa. Sasa chini ya mchoro imeandikwa kwamba ni mbinu ya akina mama wa bonde la Kilombero, na kila muuguzi mwanafunzi anayeletwa wodini kwangu anaisokota mbele yangu kabla hajagusa mtoto.

Lakini kujifunza kunachukua miaka, na mtoto hakai akisubiri. Wa kwetu alitambaa, akatembea, akaacha kubebwa, akawa mtoto wa kukimbia na kitambaa kimefungwa tumboni. Alikuwa mcheshi, si kama mama yake. Ila harufu haifichiki. Mama alipompeleka darasa la awali, mwalimu alikaa naye siku chache, kisha akamrudisha. Alisema arudi atakapoweza kwenda choo mwenyewe kama wenzake. Nilipoambiwa nilitaka kwenda shuleni siku ileile nikamwoneshe mwalimu yule mimi ni nani. Mama akanishika mkono. Mwalimu ana darasa limejaa, alisema, na wenzake wanamcheka mtoto mpaka analia. Kisha akaniuliza jambo moja, na akawa ananiuliza hilohilo kila kliniki: ataanza darasa la kwanza?

Nikawa nalipeleka swali hilo kwa daktari wetu, naye akawa ananiambia, "Sista, nasoma," kwa sauti ya mtu anayedaiwa.

Chama kilikuja. Walikuja wanne na masanduku yao, wakapita wodini wakiwasalimia akina mama kitanda kwa kitanda, wakiuliza kila mmoja alivyomtunza mtoto wake. Orodha ya wagonjwa niliipanga mimi, na wa kwanza mnajua ni nani. Kwenye chumba cha upasuaji daktari wetu alisimama upande wa kulia, profesa upande wa kushoto, mimi nikiwa kwenye meza ya vifaa. Walikuwa na kijimashine kinachogusa misuli kwa umeme kidogo. Msuli ukijikunja, unajua njia ipite katikati yake, ili mtoto aje kuweza kujizuia. Nusu milimita pembeni na utakuwa umemtengenezea tundu jingine tu, la kuvuja maisha yake yote.

Katikati ya kazi daktari wetu alisimama. Niliona jasho likipita kwenye nyusi zake. Akanyoosha kifaa kuelekea ng'ambo na kusema, "Profesa, pokea."

Profesa alikuwa ameweka mikono yake miwili juu ya shuka, wazi. Hakuinyanyua.

"Endelea," alisema. "Nipo."

Yule Msukuma akavuta pumzi, akagusa tena na kile kijimashine, msuli ukajikunja pande zote mbili kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, akapitisha njia katikati. Hakusimama tena mpaka mwisho. Nimeona watu wakipewa vyeti, nimeona watu wakipewa daraja la upadre. Sijaona mtu akipewa kitu kikubwa kama alichopewa pale na mikono isiyonyanyuka.

Baadaye profesa alimwita mama, akamweleza mwenyewe, maana hata hapo kanuni ni ileile. Njia ipo na misuli ipo. Lakini kama mtoto ataihisi haja na kuizuia, hilo hakuna daktari anayeweza kuahidi. Mtoto ndiye atakayesema. Mama aliitikia kwa kichwa. Miezi iliyofuata alimpanua ile njia mpya nyumbani kila siku kwa kijiti laini cha chuma kama alivyofundishwa, isije ikaziba, na hakukosa hata siku moja.

Operesheni ya tatu, ya kulifunga tundu, ilifanyika mwishoni mwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa na darasa la kwanza likiwa linamsubiri Januari. Safari hii daktari wetu alikuwa peke yake. Simu yetu ilikuwa juu ya rafu, imepigwa kwa chama, profesa akisikiliza. Katika muda wote ule aliongea mara moja tu, kuniuliza kama nimekula asubuhi.

Kisha tukaanza kungoja haja kubwa. Msinicheke. Simu ya zamu ilihamia kwa bingwa mwingine, halafu kwa mwingine, na kila mmoja alilikuta jina la mtoto kwenye daftari la zamu, na kila asubuhi alipiga. Kuna maprofesa nchi hii, watu wenye magari na madereva, waliokuwa wakiamka na kuuliza kama mtoto wa mkulima wa Mchombe amejamba. Siku ya tatu alijamba, na wodi nzima ilishangilia. Siku ya tano alipata choo kwa njia yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mama alikibeba kile choo kwenye nepi akanionyesha kwa mikono miwili, nami nilikiangalia kwa heshima zote.

Lakini kilikuwa kimekuja bila taarifa. Na cha siku iliyofuata vilevile, na cha baada yake. Mtoto alikuwa anacheza, anashtuka, tayari. Ngozi yake mpya ilichubuka. Mama aliosha, akapaka dawa, akafua, kimyakimya, na hakuniuliza tena lile swali lake. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimpigia mwenye zamu nikamwambia msuli hausikii. Akasema msuli ule una miaka sita haujawahi kuulizwa chochote, tumpe muda. Nikamfokea kwamba muda wenyewe ni Januari. Alinivumilia, akapiga tena kesho yake.

Ikawa asubuhi moja, kama saa nne, mama anamkunjia mtoto nguo kitandani na mimi nabadilisha mashuka kitanda cha jirani. Mtoto aliacha kigari chake cha makopo. Akatulia, akakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kisha akasema anataka kwenda.

Mama alimnyakua kutaka kumbeba akimbie naye. Akakataa kubebwa. Alitembea kwenye korido kwa hatua ndogondogo, magoti yamebanana, mkono mmoja ukutani, sisi wawili tukimfuata. Hakuna kilichodondoka. Akafika chooni akaingia, na mama akaingia naye, kwa sababu kwa miaka sita hakuna kitu kilichotoka katika mwili wa mtoto yule bila kupita mikononi mwake.

"Mama, toka nje," mtoto akasema. "Nafunga mlango."

Mama akatoka. Tukasikia komeo likisukumwa kwa shida kutoka ndani, likaingia. Mama alikuwa bado ameshika kitambaa mkononi, kile cha kumfutia. Alikiangalia, akanitazama.

"Sasa mimi nifanye nini, sista?"

"Ngoja hapa nje," nikamwambia, "kama mama wengine."